Mama aliyemdai mtekaji wake dola 20,000

Siku moja ya Aprili 1853, katika mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio, Rebecca Boyd alimwalika mfanyakazi wake wa ndani, Henrietta Wood, wapande gari la farasi wakatembee. Boyd alikuwa na nyumba ya wageni, na mwaliko kama huo kutoka kwa tajiri wake haukumtia Henrietta shaka. Gari likavuka mto Ohio kwa kivuko, likasimama upande wa pili, karibu na mji wa Covington. Pale palikuwa na wanaume wanasubiri. Boyd alikuwa ameshapatana nao. Yeye alirudi nyumbani, Henrietta hakurudi.

Mto ule ulikuwa mpaka. Kaskazini yake, Ohio, utumwa ulikuwa umepigwa marufuku. Kusini yake, Kentucky, watu walipigwa mnada. Henrietta alizaliwa Kentucky, akiwa mtumwa, akauzwa zaidi ya mara moja hadi akafika New Orleans. Bibi aliyemmiliki mwishoni alimleta Cincinnati, na mwaka 1848 akamwandikisha kuwa mtu huru. Miaka mitano akafua, akapika, akasafisha nyumba za watu, ila sasa kwa ujira wake mwenyewe.

Kumbe binti wa yule bibi na mumewe walikuwa na kinyongo. Kwao mama alikuwa ametupa urithi. Wakapatana na Zebulon Ward, naibu wa sherifu huko Covington: awalipe dola 300, halafu akamkamate mwenyewe, na faida atakayopata akimuuza iwe yake. Mlinzi wa sheria ndiye akawa mnunuzi. Hati ya uhuru walimnyang'anya Henrietta. Kumbukumbu iliyowekwa mahakamani Cincinnati nayo ilikuwa imeteketea, jengo lilipoungua mwaka 1849.

Majambazi wa kawaida walikuwapo katika biashara hii. Mpakani mwa Delaware na Maryland genge la Patty Cannon na jamaa zake liliteka watu kwa miaka. Mwaka 1825 watoto watano wa Philadelphia walidanganywa kwamba kuna kibarua cha kupakua matunda melini. Wakaishia minyororoni, wakaswagwa hadi Alabama na Mississippi. Cannon mwenyewe alifia rumande mwaka 1829, baada ya mifupa ya binadamu kufukuliwa shambani kwake. Lakini genge haliwezi kuuza mtu huru bila mnunuzi asiyeuliza maswali na hakimu asiyetaka majibu, na hao wawili hawakuwa adimu. Tangu 1808 Marekani ilikuwa imekataza kuingiza watumwa kutoka ng'ambo, wakati mashamba ya pamba ya kusini yakizidi kupanuka. Bei ya mtu ikapanda. Mweusi huru wa kaskazini, aliyekuwa karibu na asiye na mtetezi, akawa bidhaa.

Wenyewe waliiona hatari mapema. Mwishoni mwa 1799 Weusi huru zaidi ya 70 wa Philadelphia, wakiongozwa na mchungaji Absalom Jones, waliliandikia bunge la Marekani wakilalamikia utekaji na sheria ya 1793 iliyowapa wamiliki ruhusa ya kukamata watoro popote. Wabunge wakapiga kura, 85 kwa 1, kwamba sehemu za ombi zilizogusa utumwa wenyewe zisipewe moyo wowote. Kinga dhidi ya watekaji nayo haikuja. Badala yake ikaja sheria ya 1850: mtu akidaiwa kuwa mtoro, hana ruhusa ya kujitetea kwa ushahidi wake, na kamishna anayeamua analipwa dola 10 akimkabidhi kwa mdai, dola 5 akimwachia. Sijui rushwa gani ingeandikwa wazi zaidi ya hiyo.

Wasomaji wengi wanamfahamu Solomon Northup kupitia filamu ya 2013 iliyompa Mkenya Lupita Nyong'o tuzo ya Oscar. Northup, mpiga fidla wa New York, alitekwa Washington mwaka 1841, akaokolewa Januari 1853, miezi michache kabla ya Henrietta kuvushwa mto. Alipomfikisha mahakamani mfanyabiashara aliyemuuza, hakuruhusiwa kutoa ushahidi kwa kuwa yeye ni Mweusi. Hakuna aliyetiwa hatiani kwa kumteka.

Henrietta alijaribu njia hiyo hiyo akiwa bado mateka. Huko Kentucky mwenye nyumba ya wageni alimsikiliza, kesi ikafunguliwa kwa ajili yake, ikashindwa. Ward akamuuza, na safari ikaishia Natchez, Mississippi, kwenye mashamba ya pamba ya Gerard Brandon, mmoja wa matajiri wakubwa wa watumwa. Alichapwa. Akajifungua mtoto wa kiume, Arthur. Mwaka 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, majeshi ya kaskazini yalipokaribia, Brandon aliwaswaga watumwa wapatao 300 hadi Texas ili asiwapoteze, na hivyo uhuru uliowafikia wenzao Mississippi ukamkuta Henrietta kwa kuchelewa. Hata hapo Brandon alimrudisha Mississippi kwa mkataba wa miaka mitatu, dola 10 kwa mwezi. Henrietta alisema hakuiona hata senti.

Mwaka 1869 akarudi Cincinnati. Mwaka uliofuata akamshtaki Ward: mshahara uliopotea na madhara aliyopata, jumla dola 20,000. Ward wakati huo alikuwa tajiri, mfugaji wa farasi wa mashindano, aliyetengeneza fedha kwa kukodi magereza na kuwatumikisha wafungwa. Mawakili wake walivuta kesi miaka minane. Wakili wa Henrietta, Harvey Myers, aliuawa katikati ya kesi kwa kisa kingine. Mama hakuiacha. Aprili 1878 wazee wa baraza 12, wote Wazungu, walimpa Henrietta ushindi na kuamua Ward amlipe dola 2,500.

Ni sehemu moja ya nane ya alichodai, kwa miaka kumi na zaidi ya maisha yake. Ward alikata rufaa, akashindwa, akalipa; baadaye akawa anajitapa kwamba yeye ndiye Mmarekani wa mwisho kumlipia mtumwa. Henrietta alihamia Chicago na mwanawe, akafariki mwaka 1912. Arthur, aliyezaliwa mtumwa Mississippi, alihitimu sheria mwaka 1889, akawa wakili, akaishi hadi 1951. Na zile dola 2,500 ndizo fidia kubwa kuliko zote zinazojulikana kuwahi kuamriwa na mahakama ya Marekani kwa ajili ya utumwa.