Bwawa la Mtera na betri ya nyumbani kwako

Unakumbuka mgao wa umeme wa 2006? Ukame ulishusha maji ya Mtera, bwawa linalotunza maji ya mitambo ya Kidatu, yaani betri yake. Dar ikakaa giza, na Mbezi Beach wenye uwezo wakawasha jenereta. Jenereta mafuta yakiisha, unaongeza. Sola haiko hivyo. Tuseme friji lako linakula uniti 1 kwa siku. Paneli ya wati 300, kwa jua kali la saa 5, inatoa uniti 1.5, ukitoa upotevu, inabaki kama 1.1. Masika mawingu yakitanda, hata hiyo huipati. Sasa wewe ukipiga hesabu za mfumo wako, pimia Aprili, sio Januari. Betri, kama Mtera, hutunza tu kilichoingia.