Pijo 404 na tope la Mbulu

Jamani, tuna tabia ya kudhani Safari Rally ni mambo ya Wakenya na sisi tulikuwa watazamaji tu. Hebu tukumbushane kidogo.

Siku hizi ukiwa Babati, Katesh au Mbulu, gari la familia na gari la abiria mara nyingi ni lilelile: Noah. Kabla Wajapani hawajateka barabara zetu, gari lililoheshimika lilikuwa Peugeot, au Pijo kama wazee wanavyoliita, hasa 404.

Ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960. Umbo lilichorwa na Pininfarina wa Italia, hao hao wachoraji wa Ferrari, lakini hii waliinyoosha kama sanduku. Injini yake ya lita 1.6 ililazwa upande, na gia ilikuwa kwenye usukani. Ile ndefu ya familia ilikuwa na safu 3 za viti. Ukoo mzima unaingia na mizigo yake.

Sasa njoo kwenye mbio. East African Safari zilianza 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilikuja kuwa za Pasaka, yaani masika yenyewe. Miaka ya 1960 kipande cha Mbulu, pamoja na mlima wa Magara unaopanda kutoka Bonde la Ufa, kilikuwa miongoni mwa vile madereva walivyoviogopa. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 vilevile. Mara zote mbili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff ndani ya 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, akashinda mfululizo Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa mkazi wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell. Gari? 404 tena! Mara 4 ndani ya miaka 6.

Hoja yangu ni hii. Zile hazikuwa gari za ajabu. Zilitokana na gari lilelile ambalo mtu mwenye hela zake aliweza kulinunua akapakia watoto. Kilichoijengea Pijo jina Afrika Mashariki si tangazo la Paris, ni ubovu wa barabara zetu. Na wakati dereva alisifiwa kwa kulivuka tope la Mbulu siku moja, mkulima wa pale alilivuka kila masika, kwa miguu, mzigo kichwani, na hakuna aliyempa kikombe.

Miaka ya 1970 mbio zikabaki Kenya, na sifa ikabaki huko. Leo lami inapita Katesh, na 404 ukiiona unageuka kuitazama. Walioshuhudia wanazidi kupungua. Kama una babu au bibi Mbulu au Hanang, muulize alikuwa wapi Pasaka ya 1968. Halafu andika.