Mto wa Ngara na Majina Yake

Mtu atokaye Ngara akielekea mjini kwa miguu, akipita penye makutano ya Globe, huvuka mto pasipo kuutambua. Akiulizwa jina lake, aghalabu hujibu kwamba ni mto tu. Na akisikia neno Nairobi, huwazia majumba na wala si maji. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba usahaulifu huo una historia yake, na kwamba sehemu ya historia hiyo imehifadhika katika sarufi ya majina yenyewe.

Yafaa kwanza tuueleze mto. Chanzo chake ni kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu, magharibi ya jiji. Kutoka hapo hushuka kupitia Dagoretti na Kawangware, hupokea maji ya vijito viwili viitwavyo Kirichwa, hupita Chiromo na chini ya kilima cha Makumbusho, ndipo hufika Ngara. Toka Ngara huenda Kariokor na Gikomba. Mashariki zaidi huungana na Mathare, kisha na Ngong, na mwisho huingia katika mto Athi.

Kila mtoto wa shule hufundishwa kwamba Nairobi ni neno la Kimaasai lenye maana ya "maji baridi". Maelezo hayo si ya uongo, ila yamekatwa. Maneno kamili ni enkare nairobi. Enkare ndiyo maji, nayo ni nomino ya jinsia ya kike. Nairobi ni kishazi rejeshi, ambamo na- huirejelea nomino hiyo ya kike na sehemu iliyobaki hutaja ubaridi. Kwa Kiswahili tungesema "maji yaliyo baridi". Basi Nairobi peke yake ni "yaliyo baridi", bila kutajwa ni nini kilicho baridi. Naivasha, ambayo kwa Kimaasai ni Naiposha, imeundwa vivyo hivyo, lakini huko ziwa lingalipo mbele ya macho na hakuna awezaye kulisahau. Hapa mambo yalikuwa mengine. Reli ilipofika mwishoni mwa Mei 1899, wajenzi walitaka uwanda wa kuwekea karakana kabla ya kupanda nyanda za juu, na maji kwa ajili ya injini za mvuke. Kituo kilichukua kirejeshi, kikaiacha nomino. Tangu hapo jina ni la mji, na mto umebaki kuitwa kwa jina la mji, kana kwamba mji ndio uliotangulia.

Majina ya matawi yana ushahidi wa namna nyingine. Mathare ni neno la Kikikuyu lihusulo miti ya jamii ya masale, kama Wachaga waiitavyo. Ngong hutokana na enkong'u e muny, yaani chemchemi ya kifaru. Na msomaji atafurahi kujua kwamba enkong'u ni jicho pia, sawasawa na Kiswahili kisemavyo jicho la maji. Lakini yanayotuvutia zaidi ni Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo. Vivumishi hivi ni vya Kiswahili, ila upatanisho wake wahitaji kuangaliwa. Aliyevitumia, kama aliwaza mto, angalisema Mkubwa na Mdogo. Kama alifuata ki- iliyo mwanzoni mwa jina, angalisema Kikubwa na Kidogo. Badala yake alitumia upatanisho wa ngeli ya tisa, ngeli ikaribishayo maneno ya kigeni. Kwa hiyo hakuisikia ki- ile kuwa kiambishi. Huenda mtu akapinga kwamba Kiswahili cha bara hupenda kuutumia upatanisho huo kwa karibu kila kitu. Hatubishi, kwa vyovyote vile, si mtu wa Mvita aliyevipa vijito hivyo sifa zake. Mwalimu angeisahihisha sarufi hiyo kwa wino mwekundu. Sisi twaiona kuwa hati ya kihistoria.

Turudi Ngara. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na soko likateketezwa kwa moto kwa amri ya wakuu. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alipendekeza, kwa hoja za afya, kwamba wakazi watengwe kwa rangi zao. Ngara, ng'ambo ya kaskazini ya mto, ikawa hasa makazi ya Wahindi, na mto ukawa kama ua wa nyuma: mahali pa kutupa, si mahali pa kuteka. Barabara iliyo kando yake iliitwa Grogan, kwa jina la mlowezi. Baada ya uhuru ikaitwa Kirinyaga, ingawa mafundi wa magari wa hapo wangali wakisema Grogan. Mlowezi amekumbukwa kuliko maji.

Maji nayo yalijikumbusha. Katika mvua za Aprili na Mei 2024 mito ya Nairobi ilifurika, watu wakafa Mathare, na serikali ikaamuru waishio ndani ya mita 30 za kingo wahame; nyumba nyingi zikabomolewa. Amri ilisema juu ya watu walioingilia mto. Kwa maoni yetu haikueleza yote, kwani waliobomolewa walikuwa hasa wale ambao mji haukuwaachia ardhi nyingine.

Lipo jambo moja zaidi, nalo lawahusu wasomaji wa jarida hili hasa. Maji yapitayo Ngara, yakiisha kuingia Athi, huendelea hadi mto huo ukutane na Tsavo, ambapo huitwa Galana. Na karibu na pwani huitwa Sabaki, hata yakamwagika baharini kati ya Malindi na Mambrui. Jina hilo la mwisho ndilo wanaisimu walilolipa kundi la lugha zilizo ndugu: Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro. Derek Nurse na Thomas J. Hinnebusch waliliweka katika anwani ya kitabu chao cha mwaka 1993. Huko Malindi hakuna asiyelijua jina la mto, kwani wakati wa mvua udongo wake hulipaka bahari rangi nyekundu mbele ya mji.