Soketi ya Jikoni na Ulinzi Uliochelewa Kumfikia Mpishi

Umeme uliwaka Dar es Salaam mwaka 1908, Wajerumani walipofunga mtambo kwa ajili ya karakana ya reli na makazi yao. Vijiji vya Usukumani vilisubiri karibu karne nzima. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na Mkoa wa Simiyu wenyewe ukamegwa, kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, mwaka 2012. Kwa mama lishe wa Zagayu mkoani humo, nguzo ikifika karibu na kibanda, hazikawii kufuata friji, birika la umeme na mashine ya kukaangia chipsi. Vyote huchomekwa kwenye soketi mbili tatu, juu ya sakafu ya saruji inayomwagiwa maji kutwa.

Wengi huamini kwamba sakiti breka itamwokoa mpishi akipigwa shoti. Haitamwokoa, kwa sababu imewekwa kulinda waya usiungue. Breka ya ampea 32 huacha ampea 32 zipite bila kushtuka. Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwapima watu waliojitolea ili ajue ni umeme kiasi gani unaomfanya mtu ashindwe kuachia alichoshika. Kwa wanaume wastani ulikuwa miliampea 16, kwa wanawake miliampea 10.5. Kiwango hicho cha pili hakifiki hata sehemu moja ya elfu tatu ya uwezo wa breka ile.

Dawa ilitafutwa kwanza machimboni. Mwaka 1955 Henri Rubin wa Afrika Kusini alitengeneza kifaa cha kulinda migodi ya dhahabu, kilichokata umeme uvujao ukifika miliampea 250. Mwaka uliofuata akapata cha chini ya miliampea 20, kinachofaa majumbani. Dalziel naye alikuja na chake mwaka 1961. Vyote hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukirudi pungufu, kuna mahali unavuja, pengine kupitia mwili wa mtu, na kifaa hukata kabla moyo haujavurugika. Mafundi wetu hukiita RCD, na cha kumlinda mtu huwa cha miliampea 30.

Sheria ilikwenda polepole mno. Marekani iliagiza ulinzi huu kwa taa za ndani ya mabwawa ya kuogelea mwaka 1968, kisha soketi za bafuni mwaka 1975. Jiko la nyumbani lilifikiwa mwaka 1987, tena kwa soketi zilizo karibu na sinki. Majiko ya mikahawa na taasisi yaliingizwa kwenye kanuni mwaka 2002. Mpishi anayelipwa, mwenye mikono iliyolowa kuanzia alfajiri, aliwekwa nyuma ya muogeleaji kwa zaidi ya miaka 30. Naliona hilo kuwa dhuluma. Uingereza, ambayo kanuni zake zimewafunda mafundi wengi wa Tanzania, ilisubiri hadi mwaka 2008 kudai kinga ya miliampea 30 kwa soketi za kawaida.

Simiyu ina sababu yake ya ziada ya kuhitaji RCD: udongo. Mbuga nyeusi hushika maji masika na kupasuka nyufa kiangazi, na fimbo ya ethi iliyochimbiwa humo hupoteza mshiko wake na ardhi. Tuseme ukinzani wa ethi umefika omu 100. Waya ukigusa bodi ya friji kwa volti 230, ampea zitakazoingia ardhini ni 2.3 tu. Breka ya 32 itakaa kimya, na friji itabaki na umeme ikimngoja atakayeishika. RCD ya miliampea 30 itakata hapo hapo.

Balaa jingine huanza pale RCD inapokata kila birika linapochomekwa, na fundi akaombwa airuke ili chai iuzwe. Birika ndilo la kutolewa, maana koili yake imeingiwa na maji. Kifaa chenyewe kina kitufe cha majaribio, aghalabu chenye herufi T. Kitufe kikibonyezwa na umeme usikatike, RCD ibadilishwe kabla jiko halijatumika tena.