Kabarak: Chuo Kikuu cha Imani na Taaluma

Chuo Kikuu cha Kabarak kiko Rongai, kilomita 20 hivi kutoka mjini Nakuru, kando ya barabara ya Eldama Ravine. Kilianzishwa na Daniel arap Moi, rais wa pili wa Kenya. Kilipewa kibali cha muda mwaka 2000, kikafungua milango mwaka 2002, na Mei 2008 kikapata hati kamili ya idhini wakati wa utawala wa Mwai Kibaki. Kaulimbiu yake ni elimu kwa mtazamo wa Biblia, na historia yake yote imekuwa jitihada ya kuyatimiza maneno hayo darasani.

Chimbuko la jitihada hiyo ni shule za misheni. Moi, aliyezaliwa Sacho, Baringo, mwaka 1924, alisomeshwa na wamisionari wa Africa Inland Mission, akawa mwalimu hadi alipoingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1955. Katika shule zile kusoma, kuhesabu na Biblia vilikwenda pamoja, mara nyingi chini ya mwalimu mmoja. Africa Inland Church ilikuwa na chuo cha kuwaandaa wachungaji, Scott, kilichofunguliwa Machakos mwaka 1962. Lakini kijana muumini aliyetaka kuwa mhasibu au mwanasheria alilazimika kwenda kwingine, na huko imani yake ikabaki shughuli ya Jumapili na ya mikutano ya jioni ya umoja wa wanafunzi Wakristo. Shule ya Upili ya Moi Kabarak, iliyoanzishwa mwaka 1979, ilitangulia kuziba sehemu ya pengo hilo. Chuo kikuu kilifuata zaidi ya miaka ishirini baadaye.

Kufikia wakati huo njia ilikuwa imeshasafishwa. Sheria ya mwaka 1985 iliunda Tume ya Elimu ya Juu, ambayo ilipewa kazi ya kuvikagua vyuo vikuu binafsi. Baraton, chuo cha Waadventista kule Nandi, kilikuwa cha kwanza kupata hati kamili, mwaka 1991. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki kilifuata mwaka 1992 na Daystar mwaka 1994. Ni haki kukumbuka pia kwamba enzi za Moi hazikuwa shwari kwa wasomi: Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa muda mrefu baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, na wahadhiri kadhaa waliwekwa kizuizini. Enzi hizohizo vyuo vikuu vya umma viliongezeka, kikiwemo Egerton cha Njoro kilichopandishwa hadhi mwaka 1987. Mambo hayo mawili ni sehemu ya historia ya mwanzilishi, na taasisi inayojali ukweli haina sababu ya kuficha lolote kati yake.

Kabarak ina kanuni ya maadili ambayo jumuiya yake huikariri katika hafla. Imejengwa juu ya 1 Petro 3:15, kwamba Kristo awekwe moyoni kuwa Bwana. Mstari huohuo unaendelea kumtaka muumini awe tayari kumjibu kila amwulizaye sababu ya tumaini lake, tena kwa upole. Hapo ndipo imani na taaluma zinapokutana kwa dhati, kwa kuwa kutoa sababu ndiyo kazi ya kila siku ya msomi. Mwanafunzi wa biashara au wa kompyuta husoma pia masomo ya Biblia, na ibada ina nafasi yake katika wiki ya masomo. Hata hivyo, kipindi cha ibada peke yake hakimfanyi mhasibu akatae kupika hesabu. Kipimo kigumu zaidi ni jinsi somo lenyewe linavyofundishwa, na hapo idara hazilingani.

Idara ya sheria imechapisha jarida linaloshughulikia sheria na maadili kwa pamoja. Mfano ulio wazi kuliko yote, hata hivyo, ni wa tiba ya familia. Madaktari wanaosomea shahada ya uzamili katika fani hiyo hujifunza wodini katika hospitali za misheni, zikiwemo Kijabe, Chogoria na Tenwek. Daktari wa familia hutakiwa kumudu mengi: mama anayehitaji upasuaji wa kujifungua, mtoto mwenye nimonia, mzee mwenye kisukari. Tenwek, iliyoko Bomet, ilianza mwaka 1937 na kumpokea daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury, mwaka 1959. Kaulimbiu yake hukiri kwamba wahudumu hutibu na Yesu huponya. Daktari anayesoma hapo hulazimika kuyaweka maneno hayo pamoja na vipimo vya maabara, tena mbele ya mgonjwa aliye kitandani.

Kwa wakazi wa Kuresoi, katika Kaunti ya Nakuru, mafunzo haya yako karibu. Tenwek iko upande wa pili wa msitu wa Mau, na kutoka Olenguruone barabara ya kwenda Silibwet hutelemka hadi jirani na hospitali hiyo. Kwa wazazi wa huko, kama wa Keringet na Kiptagich, wanaotegemea viazi, chai na maziwa, kikwazo cha kusomesha Kabarak kimekuwa karo. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuwapeleka wanafunzi inaowafadhili katika vyuo vikuu binafsi, na mlango ukafunguka kwa watoto wa wakulima. Mfumo mpya wa ufadhili wa mwaka 2023 uliwaachia wanaoingia vyuo hivyo mikopo bila ruzuku. Chuo kinachofundisha kwamba kila kipaji kimetoka kwa Mungu kina deni la kutafuta njia nyingine ya kuwafikia vijana hawa.

Moi alifariki tarehe 4 Februari 2020, akazikwa nyumbani kwake Kabarak siku nane baadaye. Chuo kimeendelea na kazi bila yeye, na mafunzo ya tiba ya familia yangali yakiendeshwa pamoja na hospitali za misheni.