Kathedrali ya kijijini

Leo naacha habari za mitihani, nawapa stori ya kanisa la Rutabo, kule Muleba.

Wengi tukisikia kathedrali tunafikiria jengo kubwa la mjini. Kumbe kinacholifanya kanisa liwe kathedrali ni kiti cha askofu! Mwaka 1953 lilipoanzishwa Jimbo la Rutabo, kiti hicho kilikuwa hapo hapo kijijini, na askofu alikuwa Laurean Rugambwa. Mwaka 1960 akawa Kardinali wa kwanza Mwafrika, na jimbo likaitwa Bukoba. Kiti kikahamia mjini, kuta za Rutabo zikabaki zile zile, cheo kimeondoka.

Lakini Kardinali alipofariki Desemba 1997, kathedrali ya Bukoba ikawa inasubiri ukarabati. Akazikwa kwingine kwa muda. Alikaa huko hadi Oktoba 2012, ndipo akahamishiwa mjini.

Jamani, mzee aliisubiri kathedrali yake karibu miaka 15. Mkienda likizo Bukoba msiishie mjini, fikeni na Rutabo.

Haya, narudi kwenye notsi. Tuonane!