Uzee Hauna Miguu Minane

Mbuzi mzee akianza kunyonyoka manyoya, kijijini huwa hakuna uchunguzi. Ni uzee, watu wanasema, na kabla jua halijatua kuna mtu ashaulizia bei ya supu. Lakini mara nyingi anayenyonyoa mbuzi ni upele, na historia ya upele inaonyesha kwamba jibu la haraka liliwahi kuwachelewesha hata madaktari wa Ulaya, tena kwa karne nyingi.

Madaktari hao walifuata mafundisho ya Galen, tabibu wa enzi za Warumi. Waliamini upele unatoka ndani ya mwili, ati damu imechafuka. Kisha mwaka 1687, huko Livorno, Italia, daktari kijana Giovanni Cosimo Bonomo na muuza dawa Diacinto Cestoni waliangalia kwa hadubini wakaona kidudu kidogo mno, wakakiona hata kikitaga yai. Bonomo akaripoti kwa barua kwa mwanasayansi Francesco Redi. Walijuaje pa kutafuta? Bonomo alieleza kwamba aliwaona akina mama maskini wakiwatoa watoto wao vidudu hivyo kwa ncha ya pini, na watumwa wa Livorno wakitoana wao kwa wao. Yaani waliokuwa wanajikuna walikuwa wanajua kitambo.

Wakubwa hawakushtuka. Ilibidi mwaka 1834 mwanafunzi wa udaktari kutoka Corsica, Simon François Renucci, awaonyeshe maprofesa wa Paris jinsi ya kukitoa kidudu. Alikuwa amejifunza kwa wanawake wa kwao. Maprofesa walikuwa wanakitafuta ndani ya malengelenge, kumbe kimejichimbia kando, mwisho wa kijishimo chake.

Hiyo stori inanigusa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipoisha, na karo iliyokuwepo ilizaliwa na mbuzi mmoja. Kila mtoto wake aliyeuzwa alinilipia kitu. Mbuzi huyo bado yuko kwa shosho wangu, Makueni, na mwaka jana alianza kunyonyoka: masikio kwanza, halafu kuzunguka macho, halafu shingo. Ngozi ikawa nene, yenye ukoko. Majirani wakasema ni uzee, auzwe mapema. Shosho akakwangua ukoko kwa ukucha.

"Uzee hauwashi," akasema. "Huyu anajikuna usiku kucha."

Daktari wa mifugo naye alikwangua, akaweka chini ya hadubini. Ulikuwa utitiri wa upele, Sarcoptes scabiei, spishi ileile inayompa binadamu upele, ingawa kila mnyama ana aina yake. Una miguu minane.

Alitueleza kwamba uzee una sehemu yake. Mbuzi ana meno manane ya mbele, yote ya chini. Yakisagika na kung'oka, hali vizuri, anakonda, kinga inashuka, na mdudu ambaye mbuzi kijana angemvumilia anamshinda. Kwa hivyo uzee ulifungua mlango, lakini mwizi alikuwa mwingine. Na si kila mara mwizi ni utitiri: kuna chawa, kuna upungufu wa madini kama zinki na shaba. Ndiyo maana unakwangua kwanza, dawa baadaye.

Alidungwa ivamektini. Dawa hiyo ilitoka kwa bakteria wa udongo ambao Satoshi Ōmura aliuchukua karibu na uwanja wa gofu huko Japani, kisha William Campbell na wenzake wakaifanyia kazi Marekani. Ilianza kuuzwa kwa ajili ya mifugo mwaka 1981, na mwaka 2015 wawili hao wakapata Nobel. Sindano ilirudiwa baada ya wiki mbili, kwa sababu mayai hayafi na ile ya kwanza. Manyoya yamerudi shingoni, machache, ya kijivu. Meno hayarudi, kwa hivyo shosho humkatia majani laini.

Bonomo ana jina. Renucci pia. Wale akina mama wa Livorno na Corsica, wenye pini, hakuna aliyewaandika. Nawafikiria kila nikisikia mtu akiambiwa "ni uzee tu", awe mbuzi ama shosho wa mtu kwenye foleni ya hospitali. Hapo nauliza: nani amekwangua akaangalia?